Barabara Imebadilishwa Jina, Wewe Hukuhama: Namna ya Kurekebisha Anwani Yako

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wakazi na wafanyabiashara wa Ngara na Parklands, Nairobi. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa, kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

  Najua saa hii ni ya wateja, kwa hivyo sitawaweka sana.

Nilipokuwa nakuja hapa nilifanya jaribio dogo. Nilipanda matatu mjini, nikamwambia makanga anishushe Barabara ya Profesa Wangari Maathai. Akaniangalia, akamwangalia dereva, akaniuliza, “Hiyo ni wapi?” Nikamwambia Forest Road. Akacheka: “Si ungesema hivyo tangu mwanzo!”

Barabara hii iliacha kuitwa Forest Road rasmi mwaka wa 2016. Imepewa jina la mama aliyesimama mbele ya waliotaka kujenga jumba refu Uhuru Park mwaka wa 1989, akapigania msitu wa Karura usigawanywe, na mwaka wa 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Mimi naona jina limekaa pahali pake. Barabara ya msitu imepewa mlinzi wa misitu. Lakini kibao kilisimikwa, na ulimi wa watu ukabaki Forest Road.

Hatuna haja ya kulaumiana kwa hilo. Wazee walioko hapa wanakumbuka Delamere Avenue kabla haijawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street kabla ya Kimathi, Victoria Street kabla ya Tom Mboya. Na hapa Ngara kwenu, mtu akishuka Globe, sinema iko wapi? Iliacha kuonyesha filamu zamani, lakini steji ni Globe hadi leo. Jina hudumu midomoni hata kama kilicholizaa kimeondoka. Kwa hivyo sikuja kuwakataza kusema Forest Road. Nimekuja kuwaeleza mahali ambapo jina la zamani linaweza kukuletea hasara, na mahali ambapo halina neno.

Nianze na lililonifanya niombe mkutano huu.

Kuna mzee mmoja wa upande huu ambaye usiku fulani alianguka bafuni. Binti yake akapiga simu ya ambulensi. Msichana huyo amesoma, anajua kibao kinasemaje, akataja jina rasmi: Wangari Maathai Road. Dereva, ambaye si mwenyeji, akaandika “Wangari Maathai” kwenye simu yake. Ile simu ikampa majibu kadhaa, na la juu lilikuwa Taasisi ya Wangari Maathai, ambayo iko Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Kabla hajagundua kosa alikuwa ameshaingia Waiyaki Way. Alipogeuza na kufika Pangani akauliza walinzi wawili na mwuza mayai. Wote watatu hawakujua barabara hiyo, na walikuwa wamesimama kando yake! Mzee alifika hospitalini. Yuko hai, na ni yeye aliyeniambia nisimulie habari hii lakini nisimtaje.

Mmeona kilichotokea? Binti alisema ukweli. Dereva alifuata alichoambiwa. Walinzi walijibu walichojua. Hakuna aliyekosea, na bado dakika zilipotea. Siku hiyo angesema, “Barabara ya Wangari Maathai, ile ya zamani Forest Road, upande wa Parklands, geti jeusi mkabala na kituo cha petroli,” yule dereva angefika moja kwa moja.

Basi, ukipiga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, taja majina yote mawili. Jina rasmi kwa sababu ndilo lililo kwenye ramani, la zamani kwa sababu ndilo lililo vichwani mwa watu watakaoulizwa njiani. Halafu taja upande, maana barabara hii ni ndefu, inatoka Museum Hill mpaka Pangani, na ina upande wa Ngara na upande wa Parklands. Halafu alama moja isiyohama. Usitaje kibanda cha mama mboga, kesho anaweza kuwa amehamia ng'ambo. Taja shule, msikiti, kanisa, hekalu, kituo cha petroli. Na mtu mmoja atoke barabarani na tochi.

Nawaomba mfanye jambo moja leo mkirudi nyumbani. Andikeni maneno hayo kwenye karatasi, mbandike ukutani karibu na mlango au kwenye friji. Usiku wa shida kichwa hakikumbuki. Yaya, mtoto wa shule, mgeni kutoka mashambani aliyefika jana, wote waweze kuisoma karatasi hiyo kwa simu. Ninyi wenye ploti, andikeni nambari ya ploti kwenye geti kwa rangi inayoonekana usiku. Kopo dogo la rangi linatosha mageti ya mtaa mzima mkichanga.

Sasa tuje kwenye makaratasi, kwa sababu naona wengine wenu mmekuja na mafaili.

Kuna makaratasi ambayo hayaguswi kabisa, na ni muhimu mjue hivyo kwa sababu hapo ndipo matapeli wanapoingilia. Kitambulisho chako hakina jina la barabara, kina kata na kata ndogo. Kiache. Kura yako imefungwa kwenye kituo chako cha kupigia kura, haijui habari ya barabara. Sanduku la posta halihami: kama barua zako zinakuja kwa sanduku lenye 00600 ya Ngara, zitaendelea kuja hapo hata barabara ikipewa jina lingine kesho. Stima inafuata nambari ya mita na ya akaunti. Maji vilevile.

Na hati ya ardhi. Hapa nitasimama kidogo.

Hati yako ya kumiliki ardhi inakujua kwa nambari ya kiwanja, ile inayoanza na L.R. kwa wengi wenu. Ukifanya upekuzi kwenye Ardhisasa, unatafuta kwa nambari hiyo. Ardhi yako haikuhama, mipaka haikuhama, nambari haikuhama. Hakuna hati “iliyopitwa na wakati” kwa sababu kibao cha barabara kimebadilishwa. Nasema hivi kwa sauti kubwa kwa sababu nimeelezwa kuhusu vijana wanaopita mlango kwa mlango na beji shingoni, wakiwaambia kina mama wazee kuwa kuna “usajili mpya wa anwani” na kuwa asiyelipa atapoteza ploti. Wanataka shilingi elfu moja na mia tano, na wanataka waachiwe hati ya asili “ikapigwe muhuri.” Mama yangu, usimwachie mtu hati yako ya asili! Hata akiwa na beji tatu. Hati ya asili ikitoka nyumbani mwako mikononi mwa mgeni, kesho utaikuta imewekwa rehani mahali usipopajua.

Malipo ya huduma za serikali kuu yanapitia eCitizen, nambari ya malipo ni 222222. Hakuna afisa wa kweli anayepokea ada kwenye simu yake ya mkononi. Na hakuna afisa wa kweli anayekuuliza nenosiri la M-Pesa, la iTax wala la kitu chochote. Akikuuliza, mwite chifu. Yuko hapa, amekubali kwa kichwa, nyote mmemwona.

Wapangaji pia wana swali lao, najua, kwa sababu nililipokea kwa simu mara nne wiki hii: je, mkataba wa nyumba uandikwe upya? La. Mkataba unataja ploti na jengo, na wewe bado uko ndani ya jengo hilohilo. Mwenye nyumba akikuletea mkataba mpya “kwa sababu ya jina la barabara,” usome mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi, hasa mstari wa kodi. Na ninyi wapangaji wa maduka mnaolindwa na Sheria ya Wapangaji wa Maduka na Hoteli, Sura ya 301, mwenye jengo hawezi kubadilisha masharti yenu bila notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili.

Yanayohitaji kurekebishwa ni machache. Na yana mpangilio wake. Ukianza pabaya utazunguka.

Anza na KRA. Toa cheti chako cha PIN ukiangalie. Chini ya jina lako kuna anwani: nambari ya kiwanja, jengo, barabara, mji, kaunti, sanduku la posta. Hiyo barabara hapo ndiyo benki na kampuni ya bima watakayoilinganisha na makaratasi yako mengine. Ndiyo sababu inakuja kwanza. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka mlipa kodi ajulishe mamlaka ndani ya siku 30 mahali pake pa biashara au anwani yake inapobadilika. Wengine wenu mtaniambia, “Mimi sikuhama, barabara ndiyo iliyohama.” Hoja nzuri, mwaweza kubishana na wakili juu yake. Mimi nasema kubishana kunachukua siku nyingi kuliko kurekebisha. Unaingia iTax kwa PIN na nenosiri lako, unafungua sehemu iliyoandikwa “Amend PIN Details,” unabadilisha jina la barabara, unawasilisha, unahifadhi risiti ya kupokelewa. KRA haitozi hata senti. Kijana wa saiba anaweza kukutoza kwa kazi ya mikono yake, hiyo ni haki yake, lakini elewaneni bei kabla hujaketi, na uandike nenosiri lako wewe mwenyewe. Ukitoka hapo libadilishe.

Kwa sehemu ya barabara nawashauri muandike “Prof. Wangari Maathai Road (Forest Road)” kama nafasi inatosha. Kwa miaka michache ijayo hayo mabano yatawaokoa maswali mengi.

Kama una kampuni iliyosajiliwa, ofisi yake iliyosajiliwa nayo inafaa isomeke sawa kwa Msajili wa Kampuni. Hiyo inafanyika kupitia akaunti ya eCitizen ya kampuni. Mwachie katibu wa kampuni au mhasibu wako, lakini mwulize kama ameshafanya. Usidhani.

Leseni ya biashara haina haraka. Inalipiwa kila mwaka. Ukienda kuifanya upya, angalia jina la barabara kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Ikishachapishwa na kosa, utarudi foleni.

Ndipo tunafika kwa benki na bima. Nenda na cheti kipya cha PIN mkononi, ujaze fomu yao ya kubadilisha maelezo, na udai nakala yenye tarehe na muhuri. Wakikuambia mfumo hauruhusu, waambie kwa upole kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kutaka taarifa zako zisizo sahihi zisahihishwe. Kwa upole, ndugu zangu. Yule karani si yeye aliyetunga mfumo.

Bima nimeitaja pamoja na benki, lakini nataka niseme neno zaidi. Kuna mwenye duka la vipuri ambaye alikuwa na bima ya moto, amelipa kila mwaka bila kukosa. Duka likashika moto kwa hitilafu ya stima. Ripoti ya zimamoto ikaandika jina jipya la barabara. Bima yake ilikuwa na jina la zamani. Kampuni ikamwandikia: tafadhali thibitisha kuwa jengo lililoungua ni hilo uliloliwekea bima. Hawakukataa kulipa, waliuliza tu. Lakini kuuliza kwao kulichukua wiki baada ya wiki, na muda huo wote yeye analipa kodi ya chumba kilichojaa majivu, wafanyakazi watatu wako nyumbani, na wateja wamejua njia ya kwenda kwingine. Mwishowe nambari ya kiwanja ndiyo iliyomaliza maneno, kwa sababu ilikuwa ileile kwenye bima na kwenye risiti ya ada ya ardhi.

Kwa hivyo kagueni bima zenu usiku huu. Ina nambari ya kiwanja? Kama ina jina la barabara peke yake, mpigie ajenti wako kesho asubuhi, aongeze jina jipya na nambari ya kiwanja, akutumie maandishi. Maneno ya simu hayatoshi. Ujumbe mfupi ni bora kuliko simu, na barua pepe ni bora kuliko ujumbe.

Mihuri, vitabu vya risiti, karatasi zenye jina la biashara: sioni sababu ya kutupa. Maliza ulizo nazo. Ukienda kuchapisha nyingine, ndipo uweke jina jipya. Biashara ni ngumu siku hizi, na mwenye kiwanda cha mihuri hatakufa njaa akikusubiri hadi mwaka ujao. Mabango ya nje ni jambo tofauti kidogo, kwa sababu mteja anasoma bango. Hapo fundi wa maandishi anaweza kuongeza mstari mmoja tu.

Vijana wa boda, na ninyi mnaopeleka mizigo: ramani za simu zinarekebishwa na watu kama ninyi. Duka likionekana kwenye Google Maps na anwani isiyo sahihi, mwenye duka au mteja anaweza kugusa pale pa kupendekeza marekebisho. Ninyi mnajua vichochoro vya hapa kuliko mtu yeyote aliyekaa ofisini, mimi nikiwemo.

Itakuwaje ofisi fulani ikikataa kuamini kuwa barabara ilibadilishwa jina? Iko njia. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo ina siku 21 za kujibu. Andika barua fupi, hata kwa mkono, hata kwa Kiswahili: naomba uthibitisho wa maandishi wa jina rasmi la barabara hii na jina lake la awali. Weka tarehe, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.

Na mtanivumilia kwa hili la mwisho, ambalo si la makaratasi. Mwaka wa 2021 kule Kileleshwa, Dik Dik Road ilipopewa jina la Francis Atwoli, kibao kiling'olewa na kikachomwa moto. Mjini, Accra Road imekuwa Kenneth Matiba, na Cross Road imekuwa Charles Rubia. Majina yataendelea kubadilika, na si kila mtu atafurahi kila mara. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Matangazo hayo hutoka, lakini najua hayasomwi. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika tangazo la mistari sita, nikalipeleka, nikadhani kazi imekwisha. Nilisomea uandishi wa habari miaka minne, na ilibidi mwuza mayai wa Pangani anifundishe kuwa tangazo lililobandikwa halimaanishi watu wameambiwa. Kwa hivyo mkiona tangazo la kubadilisha jina la barabara yenu, njooni mseme ndiyo au la mapema, kabla kibao hakijasimikwa. Na mkija, ulizeni swali moja ambalo sijasikia likiulizwa: nani atawaambia watu wa ambulensi na zimamoto, na lini?

Pale mlangoni kuna meza. Mwenzangu ana karatasi zilizo tayari kujazwa za kubandika kwenye friji, na kalamu. Aliyebeba cheti cha PIN na bima, tutaangalia pamoja tuone kama vinasomeka sawa. Hati za ardhi sitaki kuziona, rudini nazo nyumbani.

Mama mwenye leso ya kijani ameinua mkono tangu nilipotaja bima ya moto. Karibu mama, tuanze na wewe.